Mnyama Anayeamka kwa Kichwa

Diani, 9 Juni 2024

Abaayo Ruweyda,

Assalamu alaikum. Salamu kwako dada yangu, kwa Aabo baba yetu, na kwa kila mtu hapo boma anauliza habari yangu, hata yule haulizi. Mimi niko mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, naswali. Msikiti iko karibu na imamu ameshajua jina langu.

Simu ingekuwa rahisi, lakini shangazi yetu Eedo Khadijo ameniambia ule mnara wa Hulugho bado iko chini na hakuna mtu anakuja kuinua. Basi naandika. Uvumilie mkono wangu, unajua niliacha shule darasa la nne. Kisomali tunaongea lakini hakuna mtu alitufundisha kuandika, kwa hivyo ni hii Kiswahili ya mwalimu. Barua inaenda na basi mpaka duka la Eedo hapo Garissa, halafu yeye anawapa watu wa gari ya miraa. Hiyo gari hata barabara ikikataa, inafika.

Mgongo ya Aabo iko aje? Ngamia wako aje? Kulow, yule mchungaji tuliajiri, bado anawachunga vizuri? Mwambie Aabo kazi ya stoo ni nzuri. Naosha vitu, napanga vitu, nafunga mlango.

Hapa nimechora nyota. Ukimsomea Aabo, simama hapa.

*

Ruweyda, hiyo stoo si stoo ya unga. Ni stoo ya mbao za kupanda baharini. Mtu anasimama juu ya ubao, anashika tanga, upepo inamvuta. Wageni wanalipa wafundishwe. Mwenye mahali ni mama mmoja wa Meru, anaitwa Kathure, mkali lakini hana roho mbaya. Mwalimu ni Morris, ye anaongea kutoka asubuhi mpaka jua iingie.

Sasa kumekuja ubao mpya. Chini yake kuna mguu moja ya chuma, ndefu kama kutoka kiuno yangu mpaka chini, na kwa mwisho ya huo mguu kuna mabawa mawili, kubwa mbele na dogo nyuma. Wanaita foili. Ukishika upepo, mabawa inasukuma kutoka chini ya maji, na ubao yote inatoka juu. Wallahi inapaa. Maji inabaki chini na wewe uko juu.

Kathure alituambia hivi: kutoka Desemba hataki mtu wa stoo. Anataka mtu wa pili wa kufundisha hiyo foili, kwa sababu inaenda hata upepo ikiwa kidogo. Akaniangalia. "Yahye, wewe unaangalia sana. Angalia na hii. Ukiweza kwenda na kurudi bila kuanguka, kazi ni yako. Ukishindwa, nitakulipia nauli ya nyumbani."

Na Aabo alisema nikuje mvua ya deyr, ile ya Oktoba, nichukue kazi ya kuchunga ngamia. Sijui nifanye aje. Mimi nataka kubaki, Ruweyda. Sijawahi kusema hivyo kwa mtu.

Ndugu yako, Yahye


Hulugho, 4 Julai 2024

Yahye, walaal, ndugu yangu,

Wa alaikum salaam. Barua yako imefika na harufu ya miraa, na kijana wa gari alitaka nimpe chai ndio anipe. Nikampa. Sisi ni wazima. Mgongo wa Aabo unamsumbua asubuhi, mchana anausahau. Ngamia ni wazima. Yule mweupe alizaa dume, Aabo alitaka jike, siku nzima hakugusa chai. Kulow hajambo.

Nilimsomea Aabo mpaka kwa nyota, nikageuza kwa Kisomali vizuri kabisa, nikakunja karatasi. Aabo akasema, "Hiyo karatasi ni ndefu na mdomo wako ni mfupi." Nikamwambia yaliyobaki ni salamu za wanawake. Akasema, "Kijana wangu anajua wanawake wangapi?" Nilikimbia nikacheka nje.

Sasa mimi nakuuliza. Wewe unajua kuogelea? Lini? Kwa sufuria gani? Hapa maji tunayapima kwa mtungi, na wewe umeenda kusimama juu ya yote ambayo Mungu aliumba. Na mguu wako je? Huo wa kushoto, unasema nini?

Lakini nimerudia kusoma mara nyingi pale umeandika "nataka kubaki". Toka uzaliwe hujawahi kuniambia unataka kitu. Hata nyama ulikuwa unangoja upewe.

Kuhusu deyr, niachie mimi. Jifunze huyo mnyama wako.

Samahani naandika na penseli, ndiyo ilikuwa karibu.

Dada yako, Ruweyda


Diani, 30 Julai 2024

Abaayo,

Salaam na heshima. Niko mzima, ila nimepigwa na maji kama punda wa mtu mbaya. Msalimu Aabo, mwambie nimenenepa. Si uongo, nimenenepa kidogo mabega.

*

Kuogelea nimejua. Morris alinifundisha nikiwa na jaketi ya kuelea, saa zile wageni wanakunywa chai, kwa sababu alijua sitaki kuonekana. Hakusema kitu juu ya mguu wangu. Alisema tu, "Brother, samaki hana hata moja."

Foili ndio shida. Nikikaa chini kwa maji, ubao ni mpole. Upepo ikija naenda, naenda, halafu nasikia chini ya miguu kitu inataka kuamka. Inatetemeka kidogo. Halafu inaamka. Na hapo ndio naharibu. Pua ya ubao inaenda juu, mabawa inatoka nje ya maji, inakosa kitu cha kushika, na mimi naanguka mgongo, tanga juu yangu. Kila wakati ni hivyo. Morris anapiga kelele kutoka ufuoni, "Mbele! Uzito mbele!" Najua ni mbele. Kichwa inajua. Mwili yangu haisikii. Ikiamka tu, mimi nalala nyuma, kama mtu ameniambia lala.

Jana kulikuwa na wageni wa Nairobi. Mmoja akasema, "Huyo msee anapigana na kitanda." Wakacheka. Na mimi nilicheka, ndio wasijue nimesikia vibaya.

Kitu ingine. Nikienda nje, mguu wa kulia inakuwa mbele. Huo ni mzima. Nikirudi nchi kavu, upepo inanigeuza, wa kushoto ndio inakuwa mbele, huo mwembamba. Kwa hivyo hata nikijua kupaa, kwenda nitaenda. Kurudi sijui.

Ruweyda, barua yako ilikuwa na mchanga ndani ya mkunjo, ule mwekundu wa kisimani, si wa mjini. Na kuna doa la maziwa kwa kona. Unaandikia wapi siku hizi?

Yahye


Diani, 15 Septemba 2024

Abaayo Ruweyda,

Natumai mko salama. Nimengoja barua, basi ikifika naenda kuuliza, wananiambia bado. Eedo Khadijo anasema gari ya miraa imeenda na kurudi na wewe hukuonekana mjini. Kama kuna ugonjwa niambie. Kama Aabo amekasirika pia niambie, hiyo naweza kubeba. Kunyamaza ndio siwezi.

Mimi bado naanguka. Kathure ananiangalia halafu anaangalia pembeni. Hiyo ni mbaya kuliko kuchekwa.

Sijachora nyota leo. Hakuna kitu ya kuficha, hakuna kitu ya kuonyesha.

Yahye


Hulugho, 6 Oktoba 2024

Walaal wangu Yahye,

Salaam kutoka kwetu sote, wazima, usilie. Tulihama na ngamia mbali, upande wa visima vya ndani, mvua ya gu, ile ya Aprili, ilikatika mapema na majani yaliisha karibu na mji. Barua zako mbili nilizikuta pamoja. Nilikaa chini ya gari nikazisoma zote kabla hata ya kuuliza bei ya sukari.

Sasa kaa, nikwambie.

Nilipofika boma, Aabo alikuwa ametandika mkeka ananingoja. Akasema, "Leo unasoma na kidole. Kila mstari. Kidole kikiruka nitaona." Yahye, yule mzee hajui herufi moja lakini anajua kuangalia kitu kinachotembea. Nikasoma. Ile ya Juni nikaitoa pia, nikasoma chini ya nyota. Bahari, mabawa, Kathure, nauli, yote. Pale umesema unataka kubaki, kidole changu kilisimama. Akasema, "Endelea."

Nilipomaliza akasimama. Akaenda kwa ngamia. Alikula peke yake. Kesho yake pia. Mimi nilijua tumekwisha.

Siku iliyofuata akaniita. "Soma tena pale anaanguka." Nikasoma. "Tena." Nikasoma. Halafu Aabo akakaa kwa mkeka, akafunga macho, akashika hewa kama ameshika kamba, na polepole akalala nyuma. Akafungua macho. Akaanza kucheka, Yahye. Alicheka mpaka akakohoa.

Akasema, "Huyo mtoto bado yuko juu ya ngamia wangu."

Unakumbuka? Tukihama, vijana wote walitembea na wewe ulipandishwa juu ya mzigo, kati ya mikeka na masufuria, kwa sababu ya mguu. Wakikutania, "Waryaa mzigo! Usimwage maziwa!" Na kila ngamia akitaka kusimama, Aabo alikuwa kando yako anakuambia nini? "Lala nyuma! Lala nyuma!" Kwa sababu ngamia anainua matako kwanza, usipolala nyuma unatupwa shingoni. Ulifanya hivyo tangu hujajua kuongea vizuri mpaka ndevu zikaanza. Huyo Morris angejuaje? Hakuna mtu mwenye miguu mizima anapanda ngamia huku. Ni wewe tu mwenye hiyo elimu.

Aabo amesema niandike maneno haya kama yalivyo: "Mwambie huyo wa baharini anaamka kwa kichwa. Akisikia anataka kuamka, asimlalie nyuma. Amwinamie shingoni, kama anamwambia siri. Mimi ndiye nilimfundisha kulala, na mimi namwambia sasa aache."

Nilimuuliza, "Na deyr je, Aabo? Arudi?" Akasema chai imepoa.

Ruweyda


Diani, 27 Oktoba 2024

Abaayo, na Aabo anayesikia,

Salaam. Leo Ruweyda asome yote.

Barua ilifika Alhamisi ya tarehe 17. Sikuisomea ndani, nilienda nyuma ya stoo. Halafu nikakaa kwa mchanga kama Aabo kwa mkeka, nikafunga macho, nikajiambia ngamia anaamka. Nikalala nyuma. Hata nikiwa kwa mchanga! Nikacheka peke yangu, Morris akaja kuuliza kama jua imenipiga.

Nikamweleza. Ni mara ya kwanza namwambia mtu hapa ile mambo ya mzigo na masufuria. Nilidhani atacheka. Akanyamaza, na Morris hanyamazi. Akasema, "Kumbe nilikuwa nakupigia kelele ya bure."

Basi ikawa naingia asubuhi, upepo ikiwa bado kidogo. Ikitaka kuamka, nasema kwa mdomo, kwa Kisomali, maneno ya Aabo. Mara ya kwanza niliinama sana, nikaruka mbele kama jiwe, meno ikagonga tanga. Baadaye nikainama kidogo. Halafu kidogo zaidi. Haitaki nguvu, Aabo. Ile mbao ya kawaida inataka miguu miwili ya mwanaume. Hii inataka tu ukiifikiria, inasikia. Hata huu mguu wa kushoto, huu mwembamba, inatosha. Ukiukandamiza na kidole gumba tu, inashuka. Ukiachilia, inapanda.

Na Jumanne ikapaa na mimi.

Sijui niandike aje. Kelele yote inaisha. Yale maji yanapiga ubao, pa pa pa, yanaacha. Unasikia tu kitu nyembamba inaimba chini, mbali. Nilisahau kuogopa kwa sababu hakukuwa na kitu ya kunitikisa.

Lakini nilienda tu. Kurudi nilianguka nusu ya njia, wakaja kunichukua na mtumbwi ya injini. Bado siko mwalimu.

Nasikia deyr imenyesha huko. Aabo, hukusema. Nikuje ama nisikuje? Ukisema nikuje nitakuja, na sitakuwa na kinyongo.

Ruweyda, nilikuuliza Kulow, wewe ukasema hajambo, halafu ukaongea kitu ingine. Mchungaji wa ngamia haelezwi kwa neno moja. Ako wapi?

Yahye


Hulugho, 10 Novemba 2024

Walaal,

Haraka haraka, gari inangoja. Aabo ameondoka. Jana amevaa ile shati ya Idd, amebeba jerikeni ya maziwa, akapanda mbele na dereva. Nilimwambia utaugua mgongo. Akasema mtu akiulizwa kwa barua anaweza kujibu kwa miguu. Eedo Khadijo atamkalisha Garissa siku chache ndio ampandishe basi, barua hii ikutangulie.

Mpokee. Chai yake sukari nyingi. Usimwache karibu na maji peke yake. Usimpe samaki, atakutukana.

Na mambo ya Kulow, tafadhali, usimuulize.

R.


Diani, 24 Novemba 2024

Abaayo Ruweyda,

Salaam. Aabo amerudi salama kwa Eedo, utamwona kabla ya barua hii ama nyuma yake kidogo.

Nilimwona kituoni kabla anione. Alikuwa amesimama na jerikeni katikati ya miguu, anaangalia watu kama anaangalia kundi la mtu mwingine. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomwacha. Aliniangalia mguu kwanza, halafu uso. Akasema, "Umenenepa kweli." Nikabeba jerikeni mpaka nyumbani, tukanywa yale maziwa, yalikuwa yamechachuka vizuri.

Asubuhi nikampeleka. Foili ilikuwa kwa mchanga, imegeuzwa, mabawa juu. Aabo aliizunguka mara mbili kama mtu sokoni Garissa. Akapapasa ule mguu wa chuma mpaka chini. Akaniambia nimuulize Morris, "Anauma?"

Morris akapandisha suruali akamwonyesha kovu. "Anauma mzee, hasa ukimgeuzia mgongo."

"Basi ni mnyama," Aabo akasema. Kathure alimletea kiti ya plastiki. Hakukaa.

Nikaingia. Kwenda nilienda, iliamka, nikainama, ikakubali. Nikageuka kule nje. Ruweyda, mguu wa kushoto ilikuwa mbele, nilikuwa nasikia mfupa yangu ndani. Sikuangalia maji. Niliangalia ile shati ya Idd, kitu nyeupe kwa ufuo, ikawa kubwa, kubwa. Nilirudi. Nilifika mpaka maji ya mapaja bila kuanguka, na nikaanguka hapo kwa furaha tu, hiyo haihesabiwi, Kathure mwenyewe alisema.

Nilipotoa kichwa, Aabo alikuwa ndani ya maji. Na viatu vyake, na kikoi yake, ile macawis, imelowa mpaka magoti. Yeye ambaye havuki hata dimbwi. Alinishika jaketi hapa begani, nguvu, kama ndama anataka kutoroka. Akaonja maji kwa kidole. "Ni chumvi tupu! Na mnasema mna mali."

Kathure amenipa kazi. Kutoka Desemba mosi.

Sikumuuliza Kulow, umenikataza. Yeye ndiye alisema, tukiwa tumekaa anakausha viatu. Alisema, "Kulow aliondoka kabla ya Idd kubwa. Dada yako ndiye anawachunga. Anawakamua yeye." Nikamwambia Aabo, ngamia? Mwanamke, kwa kazi ya wanaume? Watu wamesema nini? Akaniambia, "Wamesema. Na wewe umesimama juu ya maji na mguu mmoja. Wacha waseme."

Kumbe ule mchanga. Lile doa. Penseli kwa sababu wino inakauka juani. Niliona yote na sikuelewa.

Sasa niambie ukweli, usinifiche tena. Ni wewe umetaka ama umebeba mzigo wangu nipate kucheza huku? Kama umechoka, sema neno moja. Kathure nitamwambia mwenyewe, na nitashika basi. Kazi si kubwa kuliko wewe.

Ndugu yako, Yahye


Visimani, 12 Desemba 2024

Walaal wangu,

Wa alaikum salaam. Aabo amefika, anamwonyesha kila mtu kiatu chenye chumvi.

Mara ya kwanza nilikamua nikilia, sitakudanganya. Yule mweupe alinipiga teke la mkono. Pale kisimani wanaume walinigeuzia mgongo, mmoja akasema maziwa yatakauka. Nilingoja zamu yangu mpaka jua likageuka, na kesho yake nikarudi nikangoja tena. Sasa wananiita kwa jina la Aabo, "Binti Korane, leta wako." Nikiita, ngamia wote wanainua shingo, hata walio mbali. Aabo akiita, wanaangalia kwanza mimi niko wapi.

Sikukuambia kwa sababu ungerudi. Wewe ni mtu wa kurudi. Na ukirudi wewe, mimi narudishwa jikoni, na hakuna mtu atauliza nilitaka nini.

Kwa hivyo ukweli ndio huu, na nyota usichore: kaa huko. Njoo Idd, uje mgeni, na mikono mitupu. Utakaa kwa mkeka na Aabo, hutaamka, hutasaidia. Nitakukamulia mimi.

Ruweyda